Miwani ya kinga yenye vioo vya kubadilisha: namna ya kuchagua ile inayolinda macho kweli

Katika masoko ya Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia, miwani ya kinga inauzwa meza moja na miwani ya jua, chaja za simu na saa za mkono. Kuna ile inayokuja ndani ya kiboksi pamoja na vioo vitatu: kimoja kisicho na rangi, ambacho watu wanakiita kioo cheupe, kimoja cha manjano na kimoja cheusi. Muuzaji anaweza kumwambia motari kwamba hiyo lineti ni ya moto. Fundi wa vyuma akipita, ataambiwa ni ya sudure. Kijana mwingine ataambiwa ni ya wanajeshi. Na lineti ni ileile.

Wanaohitaji miwani ya namna hiyo ni wengi upande huu wa mashariki. Goma, mawe meusi ya volkano yanapasuliwa kwa nyundo juu ya kujenga nyumba, na kila pigo linarusha vipande. Kamituga, katika Kivu Kusini, wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu wanaitwa « mamans twangaises », jina lililotoka kwenye neno kutwanga. Fundi anayekata chuma kwa mashini ya diski, seremala, mwashi anayechanganya simenti, motari anayekula vumbi siku nzima: wote wanatumika na macho wazi mbele ya kitu kinachoruka.

Neno la kwanza la kushika ni hili: weusi wa kioo si nguvu ya kioo. Kioo cheupe chenye alama ya kweli kinaweza kuzuia kipande cha chuma, na cheusi kisicho na alama kinaweza kuvunjika na kuingia ndani ya jicho. Mengine yote yanafuata hapo.

Miwani hii ilitoka wapi

Vioo vya kubadilisha vinatumiwa sana na watu wa michezo, sana sana wale wanaolenga sahani za udongo zinazorushwa hewani, pamoja na waendesha baiskeli wa mashindano. Mlengaji anahitaji kuona vizuri sahani ndogo inayopita mbele ya mbingu. Mbingu ikiwa na jua kali anatia kioo cheusi, ikiwa na mawingu anatia cha manjano. Tena anahitaji kinga, kwa sababu vipande vya sahani na punje za risasi ndogo zinazogonga kitu na kurudi vinaweza kumfikia usoni. Majeshi mengi pia yanatumia mtindo huo, na mafundi vilevile.

Faida yake ni rahisi kuelewa: fremu moja, kazi nyingi. Mtu hanunui miwani tatu. Lakini faida hiyo inakuja na hatari yake. Kila kioo kinachoingia kwenye fremu ni kinga mpya, na kinaweza kuwa kizuri ao kibaya. Kuangalia kioo kimoja tu na kuamini vingine viwili haitoshi.

Kioo kimetengenezwa na nini

Ijapokuwa watu wanasema kioo, miwani nzuri ya kinga haina kioo cha kweli. Ndani yake kuna plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti. Iligunduliwa mwaka 1953, karibu wakati mmoja, na wataalamu wa kampuni Bayer huko Ujerumani na wa General Electric huko Marekani. Ni nyepesi, na ikipigwa inapinda kidogo kabla ya kupasuka. Kioo cha kawaida kikipigwa kinagawanyika vipande vyenye makali, na vipande hivyo vinaelekea jicho.

Polikaboneti ina jambo lingine zuri: hata ikiwa nyeupe kabisa, inazuia karibu mionzi yote ya jua isiyoonekana, ile inayoitwa UV. Hiyo si kitu kidogo kwetu. Goma na Bukavu ziko karibu na mstari wa ikweta na kwenye urefu wa karibu mita 1 500 juu ya bahari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu akipanda mita 1 000, mionzi ya UV inaongezeka kwa karibu sehemu 10 kwa mia. Mionzi hiyo, kwa miaka mingi, ni moja ya sababu za mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaofunga macho ya wazee.

Hapa ndipo miwani myeusi ya hovyo inaleta hasara. Mbele ya giza, mboni ya jicho inafunguka. Kama kioo ni cheusi lakini hakizuii UV, mwangaza unaoonekana unapungua na mionzi mibaya inapita kwenye mlango uliofunguliwa zaidi. Mwenye kuvala anasikia macho yamepumzika, na kumbe yanaumia.

Polikaboneti ina udhaifu wake pia. Inakwaruzika haraka kama haikupakwa ngozi ya kuilinda, na inaharibiwa na esansi, asetoni na dawa za kuyeyusha rangi.

Alama za kusoma

Miwani ya kinga ya kweli ina alama zilizochongwa ao kuchapwa fasi mbili: juu ya kioo, mara nyingi kwenye kona, na juu ya fremu, mara nyingi ndani ya mkono wa miwani. Ni ndogo sana, inafaa kugeuza kioo kwenye mwangaza ili kuziona. Kuna familia mbili za alama zinazopatikana zaidi.

Familia ya kwanza ni ya Ulaya, na inajulikana kwa kanuni EN 166. Herufi moja inaonyesha nguvu ya kioo:

S: kimevumilia mpira wa chuma wa milimita 22 na gramu 43, unaopiga kwa mwendo wa mita 5,1 kwa sekunde. Ni kinga ya vitu vinavyoanguka ao kuruka polepole.

F: kimevumilia mpira mdogo wa chuma wa milimita 6, gramu 0,86, kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde, ni kusema karibu kilomita 162 kwa saa. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ambayo miwani ya kawaida, yenye mikono ya kushika masikio, inaweza kupata katika kanuni hiyo.

B: mpira uleule kwa mita 120 kwa sekunde. Inapatikana kwa miwani inayofunga macho pande zote na inayoshikwa na elastiki, ao kwa ngao ya uso.

A: mita 190 kwa sekunde, kwa ngao ya uso mzima tu.

Kwa hiyo, kama mtu anauza miwani ya mikono miwili yenye herufi A ao B, kuna sababu ya kushangaa.

Tarakimu 1 peke yake inaonyesha kioo kisichopotosha macho, kinachofaa kuvaliwa siku nzima. Tarakimu 3 ni ya kuvala muda mfupi tu. Herufi K inasema kioo kinapinga mikwaruzo ya vumbi, N inasema kinapinga ukungu. Namba inayoanza na 2 ao 2C, kama 2C-1,2, inasema kioo kinachuja UV. Namba inayoanza na 5, kama 5-2,5 ao 5-3,1, ni ya kioo cha jua. Kile cha 5-2,5 kinapitisha karibu sehemu 18 hadi 29 za mwangaza kwa mia, na cha 5-3,1 kinapitisha karibu 8 hadi 18. Wengine wanaandika nukta fasi ya mkato, maana haibadiliki.

Tangu mwaka 2022 kanuni mpya inayoitwa ISO 16321 inaingia fasi ya ile ya zamani. Ndani yake herufi C ni mita 45 kwa sekunde, D ni mita 80, E ni mita 120. Miwani ya alama za zamani na za mpya zitaendelea kuonekana pamoja sokoni.

Familia ya pili ni ya Marekani: ANSI Z87.1. Kwenye kioo mnunuzi atafute Z87+. Ile alama ya kujumlisha ndiyo inayosema kioo kimejaribiwa na pigo kali, mpira wa chuma wa zaidi kidogo ya milimita 6 kwa karibu mita 45 kwa sekunde. Z87 bila alama hiyo ni kinga ndogo zaidi. Herufi U yenye namba inaonyesha kuchuja UV, na U6 ndiyo ya juu. Herufi L yenye namba inaonyesha weusi wa kioo.

Kuhusu CE, ni alama inayotakiwa Ulaya, lakini peke yake haisemi kama kioo kinavumilia nini. Miwani yenye CE tu, bila herufi ya nguvu, haitoshi kwa kazi ya mawe ao chuma.

Kwa miwani ya vioo vya kubadilisha, kanuni ya Ulaya ina sheria moja ambayo inafaa kushikwa kwa kichwa: kama kioo na fremu havina alama moja, kinga yote inahesabiwa kwa ile alama ya chini. Fremu yenye F na kioo chenye S ni miwani ya S. Kioo kisicho na alama yoyote, hata kikiingia vizuri ndani ya fremu yenye F, kinaondoa kinga. Ndiyo maana vioo vyote vitatu vya kiboksi vinapaswa kusomwa kimoja kimoja, na kioo kinachouzwa peke yake kwenye meza nyingine kiachwe kama si cha aina ileile.

Rangi gani kwa kazi gani

Kioo cheupe ni cha kazi ndani ya nyumba, cha kukata na kusugua chuma, cha kupasua mawe kivulini, na cha moto wakati wa usiku. Mwenye kuwa na uwezo wa kununua kioo kimoja tu anunue hiki.

Kioo cheusi ao cha kijivu ni cha jua kali. Rangi za vitu zinabaki sawa na vile zilivyo, na hiyo inasaidia barabarani. Inafaa kwa karyeri ya wazi saa za mchana. Vioo vya jua vinapangwa pia kwa kategoria kutoka 0 hadi 4. Kategoria ya 3 inapitisha sehemu 8 hadi 18 kwa mia. Kategoria ya 4 ni nyeusi kupita kiasi, na haikubaliwi kwa kuendesha chombo chochote.

Kioo cha manjano kinaonyesha mipaka ya vitu kwa uwazi zaidi asubuhi ya ukungu ao siku ya mawingu. Lakini wengi wanakiuza kama « kioo cha usiku », na hapo kuna uongo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 katika jarida JAMA Ophthalmology, uliofanywa Boston huko Marekani kwa mashini inayoiga kuendesha gari usiku, haukuona kwamba kioo cha manjano kinamsaidia dereva kumwona mtu anayetembea barabarani, hata mbele ya taa za gari linalokuja. Sababu yake si ngumu: usiku mwangaza ni kidogo, na kioo chenye rangi kinaondoa tena sehemu ya ule kidogo. Kanuni za miwani ya jua zinasema wazi kwamba kioo kinachopitisha chini ya sehemu 75 kwa mia hakifai kuendeshea usiku.

Kioo kinachokata mng'ao, kinachoitwa polarize, kinafaa kwa wavuvi na wasafiri wa ziwa Kivu na Tanganyika, kwa sababu kinaondoa mwangaza unaorudi kutoka juu ya maji. Kwa upande mwingine kinaweza kufanya skrini ya simu ionekane nyeusi. Rangi ya kioo ya kumulika kama kioo cha kujiangalia ni urembo zaidi. Nguvu ya kinga haitoki hapo.

Kwa motari jambo la kupanga ni saa. Jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni na giza linaingia haraka. Motari aliyetoka na kioo cheusi mchana asimame kando na kutia kioo cheupe kabla ya giza, bila kungoja akose kuona shimo ao mtoto anayevuka. Miwani haichukui fasi ya kaske. Inafaa ivaliwe ndani ya kaske bila kubana masikio.

Sudure ni kazi nyingine

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza macho. Kioo cheusi cha miwani ya kubadilisha hakifai kwa sudure ya umeme, hata kiwe na alama nzuri namna gani.

Hesabu yenyewe inaonyesha. Kioo cheusi cha jua cha kategoria ya 3 kinapitisha angalau sehemu 8 za mwangaza kwa kila 100, sawa na 800 kwa kila 10 000. Kioo cha sudure namba 10 kinapitisha karibu sehemu 1 ao 2 tu kwa kila 10 000. Sudure ya umeme inahitaji kioo cha namba 9 hadi 13, kufuatana na nguvu ya mashini, kikiwa ndani ya ngao ya uso mzima, maana mionzi inachoma pia ngozi. Sudure ya gazi inatumia namba ndogo zaidi, karibu 4 hadi 7. Miwani ya gazi isitumiwe kwenye sudure ya umeme. Kuvala miwani mbili za jua moja juu ya nyingine hakusaidii.

Lakini kioo cheupe kina kazi yake kwa fundi huyohuyo. Akimaliza kuchomelea anainua ngao na kugonga maganda ya sudure kwa nyundo, na maganda ya moto yanaruka usoni. Miwani ya kioo cheupe yenye F ao Z87+ iliyovaliwa chini ya ngao inamkinga wakati huo.

Atelye nyingi ziko kando ya barabara, na watoto wanasimama kuangalia cheche. Jicho linaloangalia sudure bila kinga linachomwa hata kama mtu si fundi. Kipande cha bashi kilichotundikwa kati ya fundi na barabara kinazuia jambo hilo kwa pesa kidogo.

Haizuii risasi

Jina « lineti ya wanajeshi » linadanganya. Herufi F inataka mpira wa chini ya gramu moja kwa mita 45 kwa sekunde. Risasi ya AK-47 ina karibu gramu 8 na inatoka kwenye bunduki kwa mwendo wa karibu mita 715 kwa sekunde. Mwendo wake ni karibu mara kumi na sita, na uzito karibu mara tisa. Hata miwani ambayo majeshi yanapewa inajaribiwa kwa vipande vidogo tu, vile vinavyorushwa na mlipuko. Hakuna miwani inayozuia risasi, na anayeinunua kwa tumaini hilo anapoteza pesa yake.

Tena miwani yenye rangi za sare za jeshi iachwe. Raia anayepita kwenye vizuizi vya barabara hana haja ya kuulizwa alikoipata. Fremu nyeusi ya kawaida inafanya kazi ileile.

Kujaribu kabla ya kulipa

Kusoma alama ni hatua ya kwanza, lakini alama zinaweza kuigwa. Kuna mambo machache ambayo mnunuzi anaweza kufanya palepale kwenye meza.

Ashike miwani mbali na macho, urefu wa mkono, na aangalie kupitia kioo mstari ulionyooka, kama nguzo ao ukingo wa mlango. Asogeze miwani polepole kulia na kushoto. Kama mstari unapinda ao unaruka, kioo ni kibaya na kitaumiza kichwa.

Aivale na kutikisa kichwa, kisha ainame. Isianguke wala isiteleze. Juu iguse karibu na nyusi, chini ifike shavuni, na pembeni ifunike macho. Nafasi inayoingiza kidole ni nafasi inayoingiza jiwe. Mwenye kuvala miwani ya kusomea anahitaji miwani ya kinga kubwa inayopita juu yake, kwa sababu miwani ya kusomea peke yake haikutengenezwa kwa mapigo.

Aombe kuondoa na kurudisha kioo yeye mwenyewe. Katika miwani nyingi kioo kinaingia kwenye mfereji wa fremu ya juu na kufungwa na kipande cha puani. Kikishaingia, akisukume kwa kidole gumba kutoka mbele. Kikicheza ao kikitoka, kitatoka pia siku ya pigo, na kitaelekea jicho.

Kwa UV, jicho haliwezi kujua kitu. Lakini baadhi ya wanaobadilisha pesa wana taa ndogo ya kupima dola. Noti ya dola 20 ikiwekwa chini ya taa hiyo, uzi wake unang'aa kijani. Kioo cha miwani kikiwekwa kati ya taa na noti, uzi ukizimika, ni alama kwamba kioo kinazuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Jaribio hilo linafaa zaidi kwa kioo cheupe. Halisemi kitu juu ya nguvu ya kioo mbele ya pigo, na mtu asiangalie ile taa moja kwa moja.

Kubadilisha na kutunza

Kioo kibadilishwe kabla ya kazi, mikono ikiwa safi, na kishikwe pembeni. Vioo visivyotumika vikae ndani ya kitambaa laini ao mfuko wake, si ndani ya mfuko wa suruali pamoja na misumari na funguo.

Vumbi la mawe ya volkano ni gumu. Kulipangusa kavu kwa shati ni kukwaruza kioo. Kwanza kioo kimwagiwe maji, kisha sabuni kidogo, kisha kitambaa safi. Esansi, asetoni ya kuondoa rangi ya kucha na dawa ya kuyeyusha rangi hazifai hata kidogo. Zinaweza kuacha nyufa ndogo ambazo hazionekani, na kioo kitapasuka kwa pigo ambalo kingevumilia.

Kioo kilichopokea pigo kali kitupwe, hata kama hakionyeshi ufa. Kilichojaa mikwaruzo pia kibadilishwe, kwa sababu mwenye kukivala atachoka kutoona na mwishoni atakivua katikati ya kazi.

Kama pesa ni kidogo

Si kila mtu anahitaji vioo vitatu. Mama anayetwanga mawe ya dhahabu na kijana anayepasua mawe wanafaidika zaidi na miwani ya kioo cheupe kimoja, inayofunga pande zote na yenye matundu ya hewa, kuliko kiboksi kizuri chenye vioo visivyo na alama. Motari, na fundi anayehama kutoka juani hadi ndani ya nyumba, ndio wanaofaidika na vioo vya kubadilisha, na kwao pia viwili vinatosha mara nyingi: cheupe na cheusi.

Vikundi vya akiba vya AVEC na ushirika wa wachimbaji vinaweza kununua kwa jumla na kudai alama moja kwa wote. Kwa wenye kuajiriwa, Sheria ya Kazi ya Kongo, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ina sehemu yake juu ya afya na usalama kazini, na inamweka mwajiri mbele ya wajibu huo. Mfanyakazi ana haki ya kuuliza.

Na mtoto? Miwani haimfanyi mtoto afae kwa kazi ya mawe. Fasi yake ni shuleni.

Jicho likiumia

Vumbi likiingia, lisisuguliwe. Jicho lioshwe kwa maji safi mengi huku mtu akifungafunga kope. Kama ni simenti, chokaa ao asidi ya betri, maji yaendelee dakika 15 hadi 30 bila kusimama, kabla ya kufikiria usafiri. Kisha hopitali, siku hiyohiyo.

Kipande cha chuma ao jiwe kilichokwama kisitolewe na rafiki kwa wembe, kijiti ao kona ya kitambaa. Chuma kinaacha kutu ndani ya jicho. Kama jicho limetobolewa, lisikandamizwe na lisioshwe kwa nguvu. Lifunikwe bila kuligusa, kwa mfano na kitako cha kikombe safi cha plastiki kilichofungwa kwa kitambaa, na mgonjwa apelekwe kwa munganga wa macho haraka.

Maumivu ya sudure yanakuja kwa kuchelewa, mara nyingi saa 6 hadi 12 baadaye, usiku: macho yanawaka kama yamejaa mchanga na hayavumilii mwangaza. Kwa kawaida yanapona ndani ya siku moja hadi tatu. Maziwa, mate na maji ya majani yasitiwe ndani, yanaweza kuleta maambukizo. Matone ya kuua maumivu yasinunuliwe na kutumiwa kila saa bila munganga, kwa sababu yanachelewesha kupona na yanaweza kuharibu jicho. Maumivu yakipita siku mbili, ao kuona kukipungua, ni lazima kufika kituo cha afya.